Sikio la Mkasi

Mafua yale yaliingia nyumba ile kama mgeni asiyebisha hodi. Yalianza kwa binti mdogo, yakapanda kwa bibi yake, yakamkuta mama mtu na ndoo mkononi, na mwisho yakamwangukia baba mwenye nyumba. Mtaa mzima ulimwita Mkasi, kwa kuwa alikuwa kinyozi, na kwa kuwa maneno yake nayo yalikata. Wenzake walipiga chafya, wakajifunika shuka, wakapona. Mkasi hakujifunika. Alisema mwanamume hafungi duka kwa ajili ya makamasi. Alinyoa watu huku amejifunga kitambaa puani, na kila baada ya kichwa kimoja alitoka nje kupenga kwa nguvu zake zote, mpaka mishipa ya shingo inamsimama.

Pua ikakauka. Sikio la kushoto likaanza.

Mwanzoni lilikuwa zito tu, kama limeingia maji. Kisha yakaja maumivu ya kuchoma, yanayopanda utosini na kushuka hadi kwenye meno. Akawa hawezi kutafuna. Mama yake, ambaye alikaa naye tangu afiwe na mume, akapasha mafuta ya kupikia kwenye kijiko.

"Lala ubavu, mwanangu. Mafuta haya haya ndiyo niliyokulea nayo."

"Mama, si afadhali aende hospitali?" mke wa Mkasi akauliza kwa adabu, akiwa amesimama mlangoni.

"Hospitali kwa sikio?" Mkasi akacheka upande mmoja wa uso, maana upande wa pili ulikataa. "Nikapange foleni na watoto wanaonyonya? Acha utani, mama watoto."

Mafuta yakamiminwa. Maumivu yakazidi siku ile, na siku iliyofuata, hata akawa mkali kwa kila mtu. Halafu asubuhi moja akaamka hana maumivu kabisa. Mto ulikuwa umelowa maji ya rangi ya manjano, na ndani yake uzi mwembamba wa damu. Mkasi alifurahi kama aliyeachiwa kutoka kifungoni.

"Limepasuka!" akatangaza. "Uchafu umejitoa wenyewe. Mmeona? Mwili una akili kuliko daktari."

Akala uji bakuli zima akaongeza la pili. Lakini sikio halikuacha kutoa. Usaha ulichuruzika hadi kwenye kola, akaanza kuliziba kwa pamba, na kila alipobadilisha pamba ile, aliifunga ndani ya karatasi na kuitupa mbali, mtu asiione. Na sauti kwa upande ule zikawa zimeondoka. Akisugua vidole karibu na sikio hilo, hasikii kitu. Mtu akisema kushotoni kwake, sauti inamfikia kama maongezi ya jirani nyuma ya ukuta: unajua kuna watu, hujui wanasema nini.

Hilo hakumwambia mtu yeyote. Kipofu huonewa huruma, kiziwi huchekwa. Ndivyo alivyoona maisha yake yote, na yeye mwenyewe alikuwa miongoni mwa wachekaji.

*

Dukani aliokolewa na kioo. Mteja wa kinyozi hutazama mbele, na kinyozi akiwa nyuma yake huuona mdomo wake kwenye kioo. Mkasi akajifunza kusoma midomo bila kufundishwa. Aliona "punguza pembeni", aliona "usiguse juu", na pale asipoona vizuri alizima mashine, akajifanya anapuliza nywele kwenye meno ya mashine hiyo, ili mteja arudie. Redio akaifungulia sauti kubwa, hata waliokuwa kwenye benchi wakawa wanapigiana kelele, na kila mtu akaonekana kiziwi kama yeye.

Harufu ndiyo iliyomshinda. Mchana mmoja wa joto, mwalimu mstaafu ambaye alikuja kunyolewa kila mara na kukaa mpaka jioni kwa ajili ya gumzo alinyanyua pua yake.

"Mkasi, humu kuna panya amekufa."

"Panya?"

"Nakwambia kuna panya. Pua hii haijawahi kunidanganya."

Wote wakanusa, wote wakakubali. Benchi likavutwa, kabati likasogezwa, nywele za wiki nzima zikatoka kule nyuma kama paka aliyelala. Mtu mmoja akapiga magoti na kumulika kwa simu chini ya meza. Na Mkasi, ambaye alijua panya yuko wapi, alishika ufagio akatafuta pamoja nao. Alichokonoa kila pembe. Alifungua hata droo ya nyembe. Uso ulimwaka moto, jasho likamtiririka mgongoni, lakini aliendelea kutafuta, kwa kuwa kuacha kungekuwa ni kukiri.

"Labda yuko kwa jirani," akasema mwisho.

"Jirani wa karibu sana huyo," mwalimu akajibu, na macho yake yakatua kwenye ile pamba, kisha yakaondoka haraka, kama mtu aliyefungua mlango akakuta mwenzake anavaa. Hakusema zaidi. Lakini siku ile hakukaa mpaka jioni.

*

Asubuhi iliyofuata Mkasi alikuwa sebuleni akinywa chai, mgongo ameupa mlango wa uani, sikio bovu likielekea huko. Mkewe aliingia kutokea uani na simu mkononi. Kaka yake ndio kwanza amekata simu. Alisimama nyuma ya kiti cha mumewe, akashika mgongo wa kiti, akasema kwa sauti ya chini, ya kukatika:

"Baba watoto. Baba ameanguka. Mdomo umepinda, upande mmoja haumsikii. Wamemkimbiza hospitali, hawajui kama atavuka."

Kwa Mkasi sauti ilifika kama ile ya nyuma ya ukuta. Alijua tu kwamba mkewe amesema jambo. Na kwa kuwa tangu juzi mkewe alikuwa akimwambia juu ya bawaba ya mlango wa choo iliyong'oka, akakisia ni hiyo. Alitabasamu bila kugeuka.

"Sawa, sawa. Tutaangalia wikiendi."



"Wikiendi?" mkewe akauliza.

Hilo alilisikia, maana alilisema kwa nguvu.

"Eeh, wikiendi. Kwani haraka ya nini? Si kitu cha kufa mtu."

Akamaliza chai yake, akachukua begi la vifaa, akatoka akipiga mluzi. Mkewe alibaki ameshika kile kiti. Walikuwa wameoana tangu yeye akiwa msichana wa kusuka mikeka, na katika miaka yote hiyo alikuwa amemwona mumewe akiwa mkali, mbishi, mpenda sifa. Mkatili hakuwahi kumwona. Hakulia. Aliingia chumbani, akatoa begi, akatia nguo zake na za binti. Mama mkwe wake alimkuta anafunga zipu.

"Kulikoni, mwanangu?"

"Baba yangu yuko mahututi, mama. Na mwanao amesema si kitu cha kufa mtu."

*

Mkasi aliporudi kula mchana alikuta jiko baridi. Mama yake alikuwa amekaa kwenye kigoda katikati ya ua, mikono ameifumbata kifuani, na chakula hakikuonekana popote.

"Wako wapi?"

Mama akasema kitu akiwa ametazama chini.

"Eti?"

"Nasema nimekuzaa mwenyewe, sikukuokota!" bibi akapaza sauti, na mara hii mtaa mzima ulisikia. "Lakini leo nimetafuta pa kuficha uso! Mkeo anakwambia baba yake anakufa, wewe unamwambia wikiendi? Umemwambia si kitu cha kufa mtu?"

Mkasi alisimama na begi lake. Maneno ya asubuhi yalimrudia moja moja, kila moja likiingia mahali pake. Alikaa chini, pale pale kwenye vumbi, na suruali yake ya kazini.

"Mama, sikusikia."

"Hukusikia nini? Alikuwa hapo nyuma yako!"

"Sisikii, mama. Sikio hili halisikii. Tangu siku lilipopasuka."

Bibi alimtazama. Aliiona ile pamba, akauona ule ute uliokauka kwenye ndewe ya sikio, na kwa mara ya kwanza tangu mafua yale aliinama akamsogelea mwanawe kweli kweli, akanusa. Akaweka kiganja mdomoni.

"Na mimi nakumiminia mafuta," akasema polepole. "Kama taa." Kisha akainuka. "Nyanyuka. Nenda huko walipo. Na uwaambie."

*

Nje ya wodi wakwe walikuwa wamejaa kwenye korido kama kawaida ya wakwe pakiwa na mgonjwa: shangazi, wajomba, binamu, na mbele yao wote kaka wa mkewe, mtu mrefu, fundi wa magari, aliyekuja bila kunawa oili ya mikono.

"Karibu, shemeji," akasema. "Tulikuwa tunakutegemea wikiendi."

Shangazi mmoja akakohoa. Binamu wakatazama viatu.

"Nisamehe, shemeji, kuna jambo..."

"Dada anakupa habari ya baba, wewe umetia pamba masikioni!"

Mkono wa Mkasi ulikwenda wenyewe sikioni, ambako pamba ilikuwapo kweli, imelowa. Hapo ndipo alipaswa kusema. Njia nzima alikuwa amelipanga neno hilo. Lakini macho yale yote yalikuwa juu yake. Kuonekana mkatili kulimuuma. Kuonekana mtu mbovu, anayevuja na kunuka mbele ya wakwe, kulimuuma zaidi. Akainamisha kichwa tu, akasema, "Mniwie radhi," akapita ndani, nao wakamfuata.

Mzee alikuwa amelazwa kitanda cha ukutani. Nusu ya uso ilikuwa imelegea kama nguo iliyotundikwa vibaya, lakini macho yalikuwa makali vile vile. Mama mkwe alikaa upande wa kichwani. Mke wa Mkasi alikaa miguuni, akimkanda baba yake unyayo, na mumewe alipoingia hakuinua uso.

Mzee alimwona mkwe wake. Aliuinua mkono wake mzima, akamwita kwa kidole. Nafasi ilikuwa moja tu, kati ya kitanda na dirisha, na aliposimama hapo na kuinama, ni sikio la kushoto lililoelekea mdomo wa mzee. Wengine walijisogeza. Tangu aanguke, mzee hakuwa ametamka neno. Sasa midomo ilichezacheza, ikahangaika, ikatoa kitu.

Mkasi akaitikia kwa kichwa, kwa heshima.

"Ndiyo, baba."

Mzee akakunja uso. Akarudia, kwa taabu kubwa kuliko mwanzo.

"Nitafanya hivyo, baba. Usiwe na wasiwasi," Mkasi akasema, akatabasamu.

Mkewe aliinua uso. Tabasamu lile alilijua. Asubuhi hakuwa ameliona, alikuwa nyuma ya kiti, lakini alikuwa amelisikia ndani ya sauti. Akamtazama mumewe, akamtazama baba yake aliyekuwa anazidi kukunja uso, akaacha unyayo.

"Baba watoto," akaita kwa sauti ya chini, kutoka kushotoni kwake.

Mkasi hakugeuka.

"Baba watoto!"

Akageuka.

"Baba amekwambia nini?"

Wodi nzima ilimngoja. Hata mgonjwa wa kitanda cha pili alijiinua kwa kiwiko. Mkasi alinyoosha mgongo. Hakukuwa na kioo.

"Sijui," akasema. "Sikusikia. Hata asubuhi sikusikia, mke wangu. Sikio hili limekufa, nami nimekuwa nikiitikia tu." Akaing'oa ile pamba, akabaki nayo mkononi, maana hakujua aiweke wapi. "Naitikia tu, kila kitu."

Sauti ya ajabu ikatoka kitandani, ya kukwaruza, kama kiti kinachoburutwa. Mama mkwe akaruka, akamshika mzee kifua, akidhani roho inatoka. Lakini macho ya mzee yalikuwa yamefinyika, na bega lake zima linatikisika. Alikuwa anacheka.

"Amesema nini, mama?" kaka mtu akauliza. "Wewe ulikuwa karibu."

Mama mkwe alijifuta uso kwa pembe ya kanga, muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Mkwe wangu, uniwie radhi, ni maneno ya mgonjwa," akasema. "Amesema, sogea kule, unanuka."

Fundi wa magari ndiye aliyeanza. Alijaribu kuzuia kicheko kwa mkono wenye oili, kikampita puani. Wakafuata shangazi. "Na yeye anasema, nitafanya hivyo baba! Na hasogei!" Walicheka kama wanavyocheka watu waliolia tangu asubuhi, kwa machozi yale yale. Mkasi alisimama katikati yao na pamba yake. Hakucheka. Lakini hakutamani ardhi ipasuke, na hilo lilimshangaza.

Mkewe naye hakucheka. Alimshika mkono wa shati, akamtoa nje.

*

Walikaa kwenye ngazi za nyuma, mahali wanapoanika mashuka ya hospitali. Mkewe alijipanga mwenyewe upande wa kulia.

"Siku zote hizo unaitikia tu?"

"Siku zote."

"Nilipokwambia binti amepata jino jipya ukasema mpeleke kwa fundi?"

"Nilidhani ni kiatu."

Alimtazama asijue ampige au amkumbatie. "Neno moja tu. Sikusikia. Linakugharimu nini?"

"Ukiwa na masikio mazima halina gharama," Mkasi akasema. "Mtu mzima anayesema 'eti, eti' kila saa, watamtuma sokoni wamcheke. Nimewacheka mwenyewe, najua."

"Na mimi ningekucheka?"

Upepo ulivuta mashuka, yakawagusa usoni, yakarudi. Kisha mkewe akasema bila kumtazama, kwa sauti ile ile ya kukatika:

"Baba ameanguka. Mdomo umepinda. Hawajui kama atavuka."

Mkasi alikwishajua. Alikuwa ametoka kumwona. Lakini alielewa kwamba mkewe hajawahi kumwambia, kwamba asubuhi ile alikiambia kiti. Akamshika mkono, na mkewe akamlalia begani, na hapo ndipo alipolia, karibu na sikio lililosikia.

*

Kesho yake walikwenda kwenye chumba cha masikio, katika hospitali hiyo hiyo, na Mkasi alipanga foleni kweli na watoto wanaonyonya. Mmoja wao alikuwa na sikio linalovuja kama lake. Mama yake alimwona Mkasi na kipande cha kanga ya kujifutia begani, akamuuliza, "Wako yuko wapi?" Mkasi akamwonyesha sikio lake. Mama yule akasogea kumpisha nafasi.

Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye kalamu mbili nyweleni. Alimulika, akasafisha, akamulika tena.

"Mafua yalishuka humu," akasema. "Kuna njia kati ya pua na sikio, na mtu akipenga kwa nguvu huyasukuma. Usaha ukajaa, ukatoboa kile kiwambo cha ndani kilicho kama ngozi ya ngoma. Maumivu yakaisha kwa kuwa usaha ulipata pa kutokea. Ugonjwa haukuisha. Mliweka nini humu?"

Mume na mke wakatazamana.

"Mafuta," Mkasi akasema.

"Hakuna mafuta tena, wala kuliziba na pamba likaoza humo ndani. Likauke. Hilo ndilo neno: likauke. Msokote kitambaa safi, mkiingize taratibu, kinyonye, mkitupe, muingize kingine, mpaka kitoke kikavu. Halafu matone haya. Maji yasiingie, hata ya kuoga."

"Litasikia tena?"

"Wengi kiwambo hujiziba. Lako limechelewa, sitakudanganya. Tutaona."

Basi ikawa ndiyo kazi ya nyumba. Bibi, aliyeapa kutogusa tena kijiko cha mafuta, alijipa kazi ya kuchemsha vitambaa na kuvianika, na hakuruhusu mtu mwingine avikunje. Mkewe alisokota. Mkasi alilaza kichwa mapajani mwake, asubuhi na jioni, akiwa amekunja uso kama binti yake anapochanwa nywele, na binti mwenyewe alisimama pembeni ameshika chupa ya matone viganjani yasiwe baridi.

Usaha ulipungua, ukawa maji, yakawa unyevu, ukakauka. Sauti zilirudi, si zote. Daktari alisema tundu limebaki dogo, na huenda likabaki. Dukani Mkasi alipunguza redio. "Semea kulia," akawa anawaambia wateja, "kushoto hakuna mtu nyumbani." Walicheka, naye akawaacha wacheke. Mwalimu mstaafu alirudi kukaa mpaka jioni.

*

Mzee alivuka. Walimrudisha nyumbani na fimbo, mkono mmoja umekufa ganzi, na ndevu zimemjaa kama msafiri. Alikataa kuguswa na kinyozi wa mtaani kwao. Mke wa Mkasi ndiye aliyemwambia mama yake, "Mwite mkwe wako." Mkasi alisita. Kumshika baba mkwe kidevu, kumgeuza uso huku na huku kama mteja yeyote, si jambo jepesi. Lakini alikwenda, akachemsha maji, akapaka povu.

Nyumba ile ilikuwa imejifunza kuishi na maneno ya mzee yaliyovunjika. Alipotoa sauti, walimkisia. "Ndiyo, baba." "Sawa, baba, tumeelewa." Wakampa maji alipotaka mto, wakafunga dirisha alipouliza habari za ng'ombe. Hakuna aliyetaka kumwambia mtu mzima yule kwamba haeleweki. Naye alikuwa ameanza kunyamaza siku nzima.

Mkasi alikuwa katikati ya shavu aliposikia kitu kikisogea chini ya povu. Akauondoa wembe.

"Sikusikia, baba. Sema tena."

Mzee akasema tena.

"Bado. Ngoja nije huku." Akazunguka kiti, akaleta sikio la kulia. "Haya."

Mlangoni mama mkwe akanong'ona, "Si umwitikie tu, mwanangu, usimchoshe." Mkasi hakumsikia, au alimsikia. Alibaki ameinama, povu linamdondoka kwenye kiatu, akingoja kama mtu asiye na pa kwenda. Mzee alimeza mate. Aliushika ulimi wake kama anayeshika mbuzi mkaidi, akauvuta, ukateleza, akauvuta tena. Jasho likamtoka kwenye paji la uso. Mara ya mwisho maneno yakatoka mazima, moja nyuma ya jingine, na chumba kizima kikayasikia.

"Wembe wako butu."